Aliyeanguka Kwenye Mpera

"Huyu alivunjika mkono akiwa na miaka minane," alisema Mwalimu Callixte, akiuinua mfupa kwenye mwanga wa dirisha. "Alianguka kwenye mpera. Na mapera yenyewe yalikuwa bado mabichi."

Darasa la uuguzi likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alipitisha kidole kwenye uvimbe mdogo pale mfupa ulipowahi kuunga, akaurudisha mezani polepole pamoja na mingine.

"Mfupa ni kitu hai," akaendelea. "Ukivunjika unaunga, na pale ulipounga unaacha alama. Mfupa hausahau."

Laure, aliyekaa mstari wa mbele, naye hakucheka. Alikuwa amengoja muda mrefu kumsikia mtu akisema maneno hayo.

Mwaka uliopita kaka yake Eddy alisimamishwa akiwa na baiskeli yake kwenye kizuizi cha barabara ya Kinama, na tangu siku hiyo hakuonekana. Sasa mvua za Aprili zilikuwa zimefukua shimo kule kwao Carama, nyuma ya mashamba ya mihogo, na mifupa ya watu wengi ilikuwa juu ya ardhi. Wakubwa wa mtaa walisema Jumamosi itazikwa yote pamoja, basi, yaishe.

Mama yake Laure alikataa katakata kukaa matanga. Kila jioni alimpakulia Eddy sahani yake ya maharage, akaifunika. "Munioneshe mutoto yangu, hata mufupa moja," alisema. "Bila ivyo, kwangu iko muzima."

Sahani ile iliyopoa ilimkata Laure maini. Alimpenda mama yake, na alikuwa amechoka naye.

Kwa hiyo akawa anamfuata mwalimu kama kivuli. Mifupa ya zamani ya shule iliibwa siku shule ilipovamiwa, na miezi michache baadaye mwalimu alifika na hii mipya ndani ya gunia safi la mchele. Hakuna aliyeuliza ilikotoka. Miaka ile, Bujumbura, wapenda maswali hawakuzeeka.

Wavulana waliipa mifupa ile jina la Mzee. Mwalimu Callixte, mtu mpole ambaye hata nzi alimfukuza kwa adabu, alipiga meza kwa kiganja. "Uyu si muzee! Hakufikisha hata miaka makumi mbili. Mumuheshimu!" Alipotoka, wakacheka tena. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na kila somo mwalimu alitoa jambo jipya kwenye mifupa ileile. Huyu alitumia mkono wa kushoto. Huyu alipenda mpira kuliko kula. Jino hili alilimega akifungua chupa ya Fanta. Laure aliyashika yote moyoni. Kama mfupa unaweza kusema mpaka Fanta, aliwaza, utashindwaje kusema Eddy?

Siku ya Alhamisi, mchana, mke wa mwalimu alikuja na chakula kama kawaida yake. Siku hiyo alileta na sweta aliyoifuma mwenyewe.

"Baba Patrick, nimeimaliza. Umupatie ule mutu mwenye anaenda Ubelgiji. Patrick anasikia baridi kule."

"Nitamupatia," alisema mwalimu. Akaiweka kabatini pamoja na mifupa, akafunga kwa ufunguo.

Laure aliona wivu, tena wivu mchungu. Kumbe wapo akina mama ambao watoto wao wako mbali tu. Mama Patrick alipoondoka, akapiga moyo konde.

"Mwalimu, kaka yangu alivunjika mtulinga, mufupa wa hapa begani, akiwa mutoto. Alianguka na kinga, baiskeli ya watu wakubwa. Kesho njo Carama, unisomee ile mifupa mbele hawajaizika."

"Mi sitaweza."

"Unaweza, mwalimu. Mi nakusikiaka mu klasi."

Mwalimu akautia ufunguo wa kabati mfukoni. "Aya. Tutaenda."

Kesho yake, kule Carama, majirani waliokuja kuchimba kaburi la Jumamosi walikuwa wameegemea majembe yao, wakisubiri. Mwalimu alivua koti, akapiga magoti kwenye tope. Aliokota mtulinga mmoja uliowahi kuvunjika, akaufuta kwa leso. Halafu akaokota mwingine. Nao ulikuwa na alama ileile.

"Uyu ni mwanaume, kijana," alisema. Akaugeuza wa pili. "Uyu naye, mwanaume. Kijana."

"Na mwenye alianguka na kinga ni nani?"

"Mufupa unaonesha ulivunjika. Hauoneshi vile ulivunjika."

"Angalia vizuri, mwalimu. Nakuomba."

Akaangalia tena, mmoja baada ya mwingine. Akatikisa kichwa. Laure aliiona sahani ya maharage, imefunikwa, leo na kesho na mwakani.

"Ule wa mu klasi ulimujua mpaka mapera!" akapiga kelele, machozi yakimtoka. "Mpaka Fanta! Kumbe ni sisi ndio hutaki kutusaidia? Juu sisi ni watu wa Carama?"

Wanaume wakaacha kuegemea majembe yao. Mwalimu Callixte aliinuka, magoti yake yote tope, akamshika Laure mkono na kumsogeza kando, mahali ambapo hawakuweza kusikika.

"Ule mupera uko nyuma ya nyumba yangu, mutoto yangu," akasema. "Usimuambie Mama Patrick."