Mpaka Ulio Ndani ya Kadi

Anastasia aliifungua kompyuta kutoka mgongoni, alikoibeba kwa kanga kama mtoto, akaiweka kwenye kaunta ya fundi pale Kihonda. Hakutaka kununua kisoma kadi bila kukijaribu kwenye mashine yake.

"Shikamoo mama. Mashine ya zamani inaelewana na kisoma kadi cha zamani," alisema fundi, akakichomeka na kutia ndani yake kadi ya kumbukumbu ya Anastasia.

Kioo kikauliza: kadi haijafomatiwa, ifomatiwe sasa?

"Bonyeza ndiyo tu, mama. Itafunguka."

Kidole cha Anastasia kilishagusa kitufe. Ukucha ulikuwa bado na udongo mwekundu wa mlimani.

Kufomati ni kufuta, hilo alilijua. Kwenye video iliyo ndani ya kadi, bibi yake alikuwa akitembea kuonyesha mipaka ya shamba lao la Uluguru, wiki chache kabla ya kufariki. Shamba hilo hurithiwa upande wa mama. Kesho ukoo unakaa kuamua mpaka, na jirani anashikilia kuwa shamba la kina Anastasia linaishia mtoni.

Akaondoa kidole.

"Kompyuta ni kuukuu, lakini kadi ni ya kisasa; hiki cha zamani hakiwezi kuisoma. Nipe kisoma kadi kipya, kinachosoma kadi zenye nafasi kubwa."

"Kwenye mashine hii kitakwenda polepole sana."

"Nitasubiri."

Fundi akahamishia kadi kwenye kile kipya. Anastasia akavuta kiti, akakaa. Chai ya fundi ilipoa. Hatimaye spika zikakoroma.

"Umeshaanza kurekodi?" sauti ya bibi ikauliza. "Haya, nifuate. Mto tumeshauvuka, na hapa bado ni kwetu."