Magego Manne

Mkaguzi wa bima ya serikali alikuwa ameshashika kalamu atie sahihi. Mafaili ya kliniki yalikuwa safi, kila fomu na mhuri wake. Alibaki mgonjwa mmoja wa kuhojiwa, bibi mshona nguo, ambaye fomu yake ilisema alizibwa magego manne mwezi uliopita.

Daktari wa meno alisimama nyuma ya kiti cha bibi, akitabasamu kama bwana harusi.

"Bibi, ulizibwa meno hapa?" mkaguzi aliuliza.

"Hapa nilimsindikiza mkwe wangu tu. Wakaomba na kadi yangu, wakasema ndio utaratibu."

"Amesahau," daktari alisema. "Umri huo, si unajua tena."

Bibi alimgeukia taratibu. "Kusahau nasahau, mwanangu. Basi tuyaangalie pamoja."

Akaingiza vidole kinywani, akachomoa meno ya bandia ya juu, kisha ya chini. Akayapanga juu ya fomu, meupe kama vikombe vya wageni.

Mkaguzi alirudisha kalamu mfukoni, akiuma mdomo asicheke.

"Haya, daktari," bibi alisema, ufizi mtupu. "Nionyeshe hayo manne."