Kipimo Mfukoni mwa Kaleb

"Hukipati," alisema dereva Kaleb, akakitia mfukoni kipimo kipya cha mgandamizo wa oili.

Lori la shamba la mkonge lilitoka Korogwe asubuhi. Sasa lilikuwa limekwama katikati ya pori la Handeni, boneti wazi. Kipimo cha zamani kilikuwa kimepasuka, na oili ilichuruzika mpaka mchangani.

Fundi Yordani alinyoosha mkono uliotapakaa oili. "Lete, mbeba mizigo wee! Mama ananingoja Kang'ata, na jua halingoji."

"Mwache angoje. Tangu lini Mzigua akawa na haraka? Bibi kizee mchoyo yule, alininyima hata ugali. Leo hanikimbii."

Damu ilimchemka karani Ernesti. Alikuwa mgeni shambani, tena mtu aliyelelewa na mapadre tangu uchanga wake. Kwake yeye, mama wa mtu hatukanwi. Meneja alimwagiza neno moja tu: fundi afike kwa mamaye kabla ya magharibi.

"Mpe kipimo chake," aliamuru, "ama sivyo kesho utafukuzwa kazi!"

"Karani, kaa kivulini," alijibu Kaleb bila kumtazama. Akamgeukia fundi. "Kofia kwanza."

Yordani aliikaza spana mkononi. Ernesti akarudi nyuma, akijua sasa damu itamwagika. Lakini fundi aliivua kofia yake, akaitupa miguuni pa dereva. Kaleb akaivaa, akatema mate, akamrushia kipimo.

Yordani alipangusa tundu, akakizungusha kipimo kwa vidole mpaka hesi zikashikana, akakikaza kwa spana, akaunga waya, akaongeza oili. Injini ilipowaka, mshale ukapanda. Hakuna aliyeshukuru.

Njia nzima walitukanana. Ernesti aliyatunga moyoni mashtaka ya kesho.

Waliingia Kang'ata jua likishuka. Yordani alipokanyaga chini, wanawake waliojaa uani wakaangua kilio. Nyuma ya nyumba kaburi lilikuwa tayari.

Kaleb hakumsalimu mtu. Alijitosa kaburini, kofia ya fundi kichwani, akainua mikono kuupokea mwili.

"Mtoeni mshenzi huyo!" alifoka Ernesti.

Yordani akamshika mkono, machozi yakimtiririka.

"Mwache, Karani. Nani mwingine amzike mama yangu, ila mtani wangu?"