Poste Kumi na Mbili

"Toa ile poste kumi na mbili," patron aliniambia. "Mashini itapokea simu yote."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, kompyuta mapajani, nikipanga simu mpya za ofisi yake ya malori. Poste kumi na mbili, laini ya simu ya ndani, ni ya Mwajuma, mama wa mapokezi, aliyekaa mezani amenipa mgongo. Namba za vitufe vya simu yake zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa.

Simu yake ikalia.

"Usilie, mama," akasema taratibu. "Bwana yako iko muzima. Kamio yake iko ku mupaka, niliulizia leo asubui. Unipigie tena kesho."

Vidole vyangu vikasimama. Miaka sita iliyopita, mume wangu alipokwama na lori mpakani Kasumbalesa siku kumi na moja, nami nina mimba ya miezi minane, sauti hiyo iliniambia maneno hayo kila siku. Sura yake sikuwahi kuiona hadi leo.

Nikaandika kwenye kompyuta: kila simu ilie kwanza poste kumi na mbili. Mashini ipokee yeye asipokuwepo.

Kisha nikapiga, kujaribu.

"Allô?"

"Mama, bwana yangu wa Kasumbalesa alifika," nikasema. "Alifika mbele ya mutoto kuzaliwa."

Mwajuma aligeuka polepole, mkonga wa simu ameushika kwa mikono miwili.