Ufunguo wa Sanduku la Santuri

Agosti 1994, mauaji yalipokoma, Mukunde alirudi mtaani kwao Nyakabanda akitumaini kaka yake alikuwa amekimbilia Goma. Nyumbani kwa mzee jirani yao piano ilikuwa ikilia. Aliitambua: moja ya santuri za jazi zilizotolewa upya, ambazo kaka yake aliziagiza kutoka Brussels na hakumwazima mtu hata moja.

"Aliniachia mwenyewe," mzee alisema. "Huniamini, mwanangu? Ufunguo wa sanduku lake uko hapa, alinipa."

Kaka yake aliuvaa shingoni hata akioga.

Mukunde aliupokea pamoja na kamba yake. Fundo halikuwa limefunguliwa. Kamba ilikatwa upande wa pili, na hapo ilikuwa imekauka, ngumu, nyeusi.

"Umeona?" mzee alisema. "Sasa kaa, tunywe chai."