Safu ya Mwisho

Tumsifu aliinua filamu ya jaribio lake, ingali mbichi, mbele ya dirisha la maabara. Kingamwili aliyoitumia ilipaswa kushika kimeng'enya kimoja tu, kile kinachoziamuru seli zigawanyike, na kuacha mstari mweusi kwenye filamu kila ilipokikuta. Utafiti wake wa miaka mitatu ulisimama juu ya mstari huo. Leo, kwa mara ya kwanza, aliongeza safu ya mwisho ya sampuli: seli zilizoondolewa kimeng'enya hicho. Hapo palipaswa kuwa peupe.

Palikuwa na mstari mweusi.

"Dada, mbona umeganda kama uji wa jana?" alitania Mbelwa kutoka meza ya pili. Akasogea, akaiona filamu, akashusha sauti. "Kumbe kingamwili inashika na kitu kingine. Lakini safu yenyewe iko pembeni kabisa. Pitisha mkasi tu."

"Na atakayekuja kuurudia utafiti huu?"

"Atadhani kakosea yeye."

"Ndicho ninachokiogopa, kaka."

Tumsifu alikausha pembe ya filamu kwa upindo wa koti lake jeupe. Chini ya safu ya mwisho akaandika kwa herufi kubwa: SELI HIZI HAZINA KIMENG'ENYA.

Wino ulikuwa haujakauka mkuu wa maabara alipoingia, mkono ameunyoosha, akiitaka filamu.