Sikio la Mtoto wa Swala

Swala huwaficha watoto wao majanini, na kazi ya mtoto ni kulala kimya, fisi asimwone, mpaka mama arudi. Palikuwa na Swala ambaye mwanawe hakuiweza kazi hiyo. Kila panzi akiruka, naye aliruka.

Swala akaenda kwa jirani yake Paa, aliyesifika kwa watoto watulivu.

"Umemdekeza," Paa alimwambia. "Mng'ate sikio. Wangu niliwang'ata mara moja tu, wakatulia."

Swala akamng'ata mwanawe. Mtoto akalia, akalala, na panzi alipopita akainuka tena. Mama akamng'ata kwa nguvu zaidi, kisha akaondoka huku analia.

Njiani akakutana na Nyumbu, ambaye wote humcheka kwa kukimbia ovyo. Nyumbu akamuuliza kilichomliza, akamsikiliza hadi mwisho.

"Pole, dada. Huyo si mkaidi, miguu yake ndiyo haikubali kulala. Sisi hatufichi watoto, wanakimbia nasi tangu kuzaliwa. Mlete, nawe ukae nasi. Kumlea peke yako kutakumaliza."

Swala alirudi mbio, moyo mwepesi. Majani hayakutikisika. Panzi alikuwa ametua puani kwa mtoto, naye hakupepesa jicho.

"Inuka, mwanangu. Nimepata mahali pa kukimbia."

Mtoto hakuinuka. "Nimetulia, mama," alinong'ona. "Usining'ate."

Swala akajilaza kando yake, akawa analilamba lile sikio. Kwa mbali kundi la Nyumbu likapita, likikimbia na watoto wake.